Uzi maalumu: Kumfundisha mbwa mchanga wa uwindaji alete ndege mpaka mkononi

Mtanga_wa_Kaskazini (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam aleikum na habari za majukumu.

Kwenye ule uzi wa bata mwitu watu kadhaa waliniomba nieleze namna ya kumlea mbwa wa kuleta ndege. Naandika kwa urefu, kwa hiyo mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Mimi ni wa Tanga, naishi Minnesota, jimbo la maziwa na mabwawa ya matete kaskazini mwa Marekani. Huku bata hufunguliwa mwishoni mwa Septemba, fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, katikati ya Oktoba. Mbwa ninaowafundisha, wangu na wa jamaa ninaowinda nao, ni Labrador.

Kinachonisukuma ni hiki. Bata aliyepigwa marisau akaangukia kwenye matete akiwa bado hai, mtu peke yake ni nadra kumpata. Anajipenyeza kwenye mizizi, anazamisha mwili, anabakiza mdomo tu juu ya maji. Atakufa usiku kwa mateso au ataliwa na mbweha. Sheria ya shirikisho hapa inamtaka mwindaji afanye juhudi za kweli kumpata kila ndege aliyemwangusha, na hata kama isingekuwepo, dhamana ya kiumbe yule iko shingoni mwangu. Mbwa anayeleta siku akitaka na kuacha siku asipotaka haniondolei dhamana hiyo. Nimeona mbwa wengi wanaondoka kwa kasi ya kupendeza, wanamwokota bata, halafu wanazunguka naye kiwanjani, wanamtema mita 20 kutoka kwa mwenyewe, na bata aliyekuwa bado na uhai anarudi majini.

Sasa angalieni kosa liko wapi. Kukimbilia alikimbilia, na kuokota aliokota. Kilichoharibika ni safari ya kurudi, na karibu wote wanaonililia kuhusu mbwa wao wanalia kwa sababu hiyo. Labrador hahitaji kufundishwa kufuata kitu kinachoruka. Wazee wake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, kisiwa cha Kanada ya leo, wakapelekwa Uingereza kwa meli katika karne ya 19, na mabwana wa mashamba kule wakawachagua kizazi baada ya kizazi kwa kazi ya kuokota ndege, mpaka Kennel Club, klabu ya mbwa ya Uingereza, ikawatambua mwaka 1903. Hamu anazaliwa nayo. Kwa hiyo mimi karibu kazi yangu yote naiweka kwenye kurudi, kushika na kukabidhi, na nayaanza hayo kabla mbwa hajajua kwamba dunia ina uwanja mpana wa kukimbilia.

Mtoto wa wiki 8 anatosha kuanza. Tafuta ujia mwembamba, kwangu ni upande wa gereji kati ya ukuta na gari. Funga upande mmoja, kaa chini upande wa pili. Soksi iliyokunjwa, irushe hatua chache tu. Ataikimbilia, ataibeba, na njia pekee ya kurudi kwenye kitanda chake inapita kwenye magoti yako. Akifika USIMNYANG'ANYE. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Mkumbatie kifuani, mpapase, msifu, mwache aringe na soksi yake mdomoni. Baada ya muda ichukue taratibu. Ukimpokonya kila akifika, atajifunza kwamba kukukaribia ni kupoteza mali, na mbwa mwenye akili atabaki mbali.

Mara 2 au 3, basi. Acha wakati bado anakutazama akitaka zaidi. Wapo wanaorusha mpira mpaka mtoto anachoka na kulala chini, halafu wanashangaa mbona siku hizi anakwenda akijikokota njiani.

Kati ya miezi 4 na 6 meno ya utoto 28 yanatoka na yale 42 ya ukubwani yanaingia. Ufizi unauma, mara nyingine unatoa damu. Kipindi hicho punguza kurusha au simamisha kabisa, kwa sababu akiokota kitu kikamuuma atakihusisha kitu hicho na maumivu, au atajifunza kukitafuna ili ufizi upoe. Huo ndio mwanzo wa mdomo mgumu, yaani mbwa anayekuletea bata mbavu zimepondwa. Tumia miezi hiyo kwa adabu: kaa, njoo, tembea pembeni. Na katika umri wote huu, michezo ya kuvutana kitambaa na watoto wa nyumbani iwe marufuku, pamoja na vile vidude vya mpira vinavyolia vikiminywa. Vyote vinamfundisha kung'ang'ania na kubana.

Meno yakishakomaa ndipo naingia kwenye sehemu ninayoiona ndiyo moyo wa kazi yote, nayo haina kurusha chochote. Nafundisha KUSHIKA. Mbwa ameketi, mimi nimepiga goti ubavuni. Namfungua mdomo polepole, naweka rola laini ya kupakia rangi nyuma ya meno ya chonge, nahakikisha mdomo wa juu haujabanwa kwenye meno yake mwenyewe, kidole kimoja chini ya kidevu. "Shika." Sekunde mbili tulivu, bila kutafuna. "Toa." Sifa. Siku zinazofuata sekunde zinaongezeka. Kisha ashike huku nikizunguka mbele yake, ashike akitembea pembeni yangu, ashike akiinuka na kuketi tena. Kisha badilisha kitu: kipande cha mti, bampa ya turubai, bampa ya plastiki, glovu ya ngozi. Mpaka afike mahali ambapo kitu kikiingia mdomoni hakitoki bila neno lako, hata mtoto akipita na mkate.

Inachosha, najua. Hakuna wa kukupigia makofi ukiwa gereji na rola ya rangi. Lakini mbwa aliyepita hapa vizuri, yaliyobaki ni kuongeza umbali na kubadilisha mazingira.

Nitaendelea chini. Mnaweza kuuliza.

Kidagaa

Mkuu heshima kwako, nimeelewa mpaka hapo. Hiyo bampa ni nini na nitaanzaje kurusha nje? Mbwa wangu ni jike wa miezi 7, ndani analeta vizuri, nikimtoa uwanjani anaokota halafu anapita pembeni yangu kama hanijui.

Mtanga_wa_Kaskazini

Karibu dada/kaka. Bampa ni kigogo cha turubai au plastiki chenye kamba fupi, kinaelea, wanatumia wafunzaji wote huku. Nunua nyeupe kwanza. Macho ya mbwa yanatofautisha bluu na njano, lakini nyekundu na chungwa kwenye majani mabichi humfifia. Bampa ya chungwa unaiona wewe tu. Hiyo ihifadhi kwa mazoezi ya mbele sana, utakapotaka atafute kwa pua.

Mbwa wako hajaasi. Alichojifunza ni kwamba *kwenye gereji* tunaleta. Mbwa hahamishi somo mahali hadi mahali kwa urahisi tunaodhani. Kila uwanja mpya unashuka madaraja mawili chini kisha unapanda tena. Mfunge kamba nyepesi ya mita 10, iburuzike chini. Rusha karibu, kwenye nyasi fupi, umesimama kati ya bampa na kile anachokipenda, iwe gari, mlango au kivuli chake. Akiokota, mwite na wewe rudi nyuma au geuka ukimbie kidogo. Usimkimbize hata siku moja. Ukimkimbiza mara moja umemfundisha mchezo mtamu kuliko wa kwako. Akipotoka, kamba inamrudisha njiani bila kelele.

Na usimruhusu aondoke kila unaporusha. Mara nyingine mshike ukanda wa shingoni, bampa ianguke, uende mwenyewe ukaiokote huku ameketi. Anapojua kwamba si kila kinachoanguka ni chake, anaanza kusubiri jina lake. Utalihitaji hilo siku utakapokuwa kwenye mtumbwi na bunduki tatu.

Mwambao_Muscat

Assalam aleikum ndugu yangu. Nasoma uzi huu kutoka Muscat. Huku wenzetu Waarabu wana saluki, mbwa wa kukimbiza, hawa wa kuleta sijawazoea. Naomba uniweke sawa jambo moja kwa nia njema: mate ya mbwa kwenye nyama unayakabili vipi? Na bata aliyeangukia majini?

Mtanga_wa_Kaskazini

Wa aleikum salaam shehe wangu, swali limekuja mahali pake. Aya ya 4 ya Sura Al-Maida inaruhusu mawindo ya wanyama tuliowafundisha, na kutaja jina la Mwenyezi Mungu. Katika hadithi ya Adiyy bin Hatim, iliyomo kwenye Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimwambia kwamba ukimtuma mbwa wako aliyefundishwa na ukataja jina la Mungu, kula alichokukamatia, lakini akila katika mawindo basi usile, kwa kuwa amejikamatia mwenyewe. Mafakihi wakaeleza alama za mbwa aliyefundishwa: akitumwa anakwenda, akizuiwa anazuilika, na hayali mawindo.

Itazame orodha hiyo halafu utazame bandiko langu la juu. Kutumwa, kuzuilika, kutokula. Ni zilezile nidhamu ninazozihangaikia gereji. Mimi hili linanipa moyo mno, kwamba mafunzo ya mbwa yalishapewa uzito kwenye dini yetu kabla ya klabu zote za Ulaya.

Kwa bata wangu, bunduki ndiyo inayowinda na mbwa anabeba tu, kwa hiyo Bismillah naisoma wakati wa kufyatua. Akiletwa bado yu hai, kisu kiko mkandani, namchinja hapohapo, na hii ni sababu nyingine ya kutaka mdomo mlaini na mwendo wa haraka. Mate: sisi watu wa pwani tulio wengi ni Shafi, na kwetu palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine walioona mahali pa meno kwenye mawindo pamesamehewa. Mimi nachuna ngozi yote pamoja na manyoya na bado naosha. Kuhusu maji, hadithi hiyohiyo inakataza mawindo uliyoyakuta yamezama ikiwa hujui kilichoua ni mshale wako au ni maji. Ndiyo maana sipigi ndege kwenye maji makuu ya kina, napiga juu ya matete na maji ya magoti, mbwa afike ndani ya dakika. Kwa undani zaidi muulize shehe wako, mimi ni mwindaji.

Nyasi_za_Nakuru

Nimependa uzi. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, sasa huyu Labrador wangu nimfundishe ya nini? Lakini ana nguvu nyingi anabomoa nyumba.

Mtanga_wa_Kaskazini

Mfundishe hivyohivyo na bampa, bila ndege wala bunduki. Kichwa chake kinahitaji kazi kuliko miguu yake inavyohitaji mbio. Dakika 10 za kushika, kusubiri na kuleta zitamtuliza kuliko saa nzima ya kufungiwa uani.

Na kwa wa Tanzania kabla hamjaniuliza: uwindaji ni kwa leseni, na kutumia mbwa kuna vizuizi chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Msimtoe mbwa porini kwenye kanga na kwale kwa sababu mmesoma uzi wangu. Nendeni TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kwanza.

Ituri_Boy

Kwetu upande wa Ituri Wambuti wanawinda na mbwa wadogo wasiobweka, wanawavalisha kengele ya mti shingoni. Hao wanaweza kuleta?

Mtanga_wa_Kaskazini

Wale ni mafundi wa kazi nyingine, ndugu. Wanafukuza mnyama kuelekea kwenye nyavu, na kengele inawaambia watu mbwa yuko wapi. Mbwa wa namna ile anaamua mwenyewe akiwa mbali na mtu, ndiyo sifa yake. Kumdai arudi na kitu mdomoni kila mara ni kumpinga asili. Wachache watakubali kwa chakula na subira, lakini ningemwacha afanye alichozaliwa nacho.

Tembea_Uone

Mkuu nipo Texas. Mfunzaji mmoja ameniambia kama mbwa hataki kushika nimminye sikio mpaka afungue mdomo. Na ukanda wa umeme, ule wa shingoni unaomtia mbwa mshtuko. Roho inasita. Unasemaje?

Mtanga_wa_Kaskazini

Kaka, njia hiyo ya sikio ni ya zamani huku Marekani na wafunzaji wakubwa wengi wanaitumia, sitakudanganya. Ukanda wa umeme nao umejaa madukani, ingawa Wales waliupiga marufuku tangu 2010. Msimamo wangu: siweki maumivu kwenye kushika. Nataka kitu kilicho mdomoni kiwe mahali pa salama kuliko pote duniani kwa mbwa huyo. Rola, kidevu, sekunde mbili, sifa, chakula kidogo. Wiki zinakuwa nyingi zaidi, na kwa mbwa mkaidi zinakuwa nyingi sana. Lakini mbwa wa Uingereza wanaketi wakitazama ndege wakianguka pande zote bila kutikisika, na wengi wamefikishwa pale bila umeme. Roho yako ikisita, isikilize. Mkono unaosita haufanyi vizuri njia ile wala hii.

Kidagaa

Asante mkuu, kamba imesaidia, sasa anarudi. Vipi kuhusu ndege halisi na mlio wa bunduki? Msimu unakaribia.

Mtanga_wa_Kaskazini

Msimu usikukimbize. Miezi 7 ni mtoto.

Ndege: funga bawa kavu kwenye bampa kwa utepe. Akizoea manyoya, njiwa aliyekufa na kupoa, mabawa yamebanwa kwa mpira yasimpige usoni. Halafu bata aliyekufa. Ndege mwenye uhai awe wa mwisho kabisa, na bata bukini aliyejeruhiwa usimpe mbwa mchanga, yule ana bawa zito na anaweza kumtia mbwa hofu ya kudumu. Akianza kutafuna ndege, rudi kwenye rola siku kadhaa, kisha jaribu tena na ndege baridi.

Bunduki: mtu wa pili, mbali kama mita 100, bastola ndogo ya baruti tupu. Anapaza sauti, anafyatua, papo hapo bampa inapaa juu. Mlio uwe habari njema. Akisimamisha masikio na kutafuta bampa, wiki hadi wiki msogee. Akijikunja au kutazama gari, umekwenda haraka, rudi mbali. Usimpeleke kamwe kwenye uwanja wa shabaha "azoee". Hapo ndipo mbwa wanaoogopa bunduki wanapotengenezwa, na kumponya ni kazi kubwa kuliko mafunzo yote niliyoandika hapa.

Maji: ya uvuguvugu, ufuko wa kuteremka polepole, ingia naye mwenyewe na mabuti. Asitupwe. Hapa Minnesota kiangazi maziwa mengine yanaota ule mwani wa bluu na kijani ulio sumu, ukiona maji yana ukoko kama rangi iliyomwagika ondoka, unaua mbwa ndani ya saa chache. Na mwenye Labrador apime kabla ya mazoezi mazito ule ugonjwa wa kurithi wa kuishiwa miguu baada ya mbio. Kipimo cha jeni kipo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota ndio walioupata mzizi wake.

Tembea_Uone

Wangu tatizo ni maji. Anamleta mpaka ukingoni, anamtema, anajikung'uta, halafu ananiangalia.

Mtanga_wa_Kaskazini

Hilo ni la kila mtu. Kujikung'uta hakuzuiliki mwanzoni, kwa hiyo mtangulie. Simama majini, maji ya kifundo cha mguu, upokee kabla hajafikiria kujikung'uta. Siku kadhaa hivyo. Kisha simama ukingoni. Kisha hatua moja nchi kavu, kisha mbili. Akitema, usimpigie kelele na usiiokote wewe. Sema "shika", aiokote, tembea naye hatua chache, mpokee. Wiki hiyo rudia rola gereji, mara hii mmwagie maji mgongoni akiwa ameshika. Atatamani kujikung'uta na neno "shika" litakuwa kazini. Akiweza gereji ataweza ziwani.

Usilipuuze. Kwenye majaribio ya uwindaji ya AKC, klabu ya mbwa ya Marekani, daraja la chini kabisa la Junior, mbwa anaruhusiwa kushikwa ukanda asichomoke, wanamvumilia mengi, lakini ndege lazima afike mkononi. Na bata mwenye uhai akitemwa ukingoni umempoteza.

Halafu la msimu wa kwanza, nyote wawili: bunduki abebe mwenzako. Wewe kaa na mbwa. Mtu hawezi kulenga bata na huku akimtazama mbwa mchanga anayetetemeka, na siku ya kwanza akitoka bila kutumwa na akapata bata, amelipwa kwa utovu wa nidhamu kuliko utakavyoweza kumlipa kwa utii. Tandaza pia bata bandia, wale wa kuwavutia bata wa kweli, uani wiki chache kabla, umpitishe katikati yao akiwa na bampa mdomoni, la sivyo atakuletea hao wa plastiki mmoja mmoja na kamba zao.

Tembea, ukifika hatua mbili nchi kavu uandike hapa amefanyaje, na useme maji yalikuwa ya baridi kiasi gani, maana baridi ikizidi hata mbwa mzuri anatema.